Mashine ya Majani Hufia Stoo

Mvua za vuli zikishapiga mara mbili tatu Dar es Salaam, mafundi wa injini ndogo huanza kuvuna. Majani yaliyokauka tangu Julai yanachipua kwa fujo, viwanja vya shule, makanisa na nyumba za Mbezi vinageuka pori ndani ya wiki mbili, na mashine zilizosukumwa stoo masika yalipokwisha zinatolewa nje. Mtu anavuta kamba. Anavuta tena. Kijana wa bustani anapokea, naye anavuta mpaka shati linalowa. Mashine inakohoa mara moja, inatema moshi kidogo, inanyamaza. Kesho yake iko kwenye buti la gari, na mwenye mali ameshapitisha hukumu kabla hajafika kwa fundi: plagi imekufa, au injini imechoka, au hizi za siku hizi ni feki tupu.

Fundi mmoja wa Mwenge, ambaye kibaraza chake nimekikalia mara kadhaa, hasikilizi hukumu hizo. Ana swali lake.

"Mama, uliiweka lini mara ya mwisho?"

"Mwezi wa sita, baba. Na tangi nililijaza kabisa, lisije likashika kutu."

Fundi hasemi kitu. Anachukua spana namba 10, anafungua boliti iliyo chini ya kabureta na kukinga kibakuli chake kwa kiganja. Ndani mna vijiko kama viwili vya kitu chenye rangi ya chai iliyokolea. Hakinuki petroli, kinanuka vanishi, ile inayopakwa milango. Chini ya kibakuli pameganda utando unaokwaruzika kwa ukucha. Anachomoa jeti, kipande cha shaba kifupi kuliko pingili ya kidole, anakielekeza juani na kunipa nitazame. Katikati panapaswa kuwa na tundu jembamba ambalo hata sindano ya kushonea haipiti. Halionekani kabisa. Anachuna uzi mmoja kutoka kwenye waya wa taa, anauzungusha tunduni taratibu, anapuliza, anaunyanyua tena mkono juani, na nuru inapita. Anamwaga mafuta yote ya tangini, anatia nusu lita ya petroli mpya, anafunga. Mvuto wa pili mashine inanguruma.

Hakubadilisha plagi. Hakugusa pistoni wala valvu. Injini ile ilikuwa nzima tangu siku ilipoegeshwa. Kilichooza ni mafuta. Kazi yake kubwa kila msimu, anasema, ndiyo hiyo, na wateja hawaamini mpaka waone jeti kwa macho yao. Tumezoea kufikiri kwamba mashine huchakaa kwa kufanya kazi. Ya kukata majani huchakaa zaidi kwa kukaa.

Yule mama, tumtendee haki, hakuwa amekosea kwa ujinga. Ushauri wa kujaza tangi ulikuwa na maana enzi za matangi ya chuma, ambayo yakibaki na nafasi tupu hupata unyevu na kuanza kula kutu. Siku hizi matangi mengi ya mashine hizi ni ya plastiki, na hayajui kutu. Tatizo liko mbele kidogo, kwenye kile kibakuli cha kabureta chenye vijiko viwili vya mafuta, ambacho tangi likijaa au likiwa tupu nusu kitabaki na vijiko vyake vilevile, vikikauka polepole juu ya tundu jembamba kuliko yote kwenye mashine nzima.

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mamia ya viambato, vingine vyepesi mno, vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyoshika moto haraka injini ikiwa baridi, na kwa wepesi huohuo ndivyo vya kwanza kupotea hewani kupitia kitundu cha kupumulia kilicho kwenye mfuniko wa tangi. Vinavyobaki ni vizito, visivyotaka kuwaka upesi, na oksijeni ya hewani inavishambulia na kuvigeuza gundi. Watengenezaji wengi wa injini ndogo wanaonya kwamba petroli iliyokaa zaidi ya siku 30 isitegemewe. Onyo hilo wameliandika wakiwa kwenye nchi za baridi. Mtu aliyeweka mashine kwenye stoo ya bati Temeke, ambamo saa nane mchana huwezi kugusa ukuta, ahesabu pungufu ya hapo, kwa sababu joto huharakisha mambo yote mawili: kuyeyuka kwa vyepesi na kuganda kwa vizito.

Ukitazama kalenda ya mvua utaona kwa nini tatizo hili limekaa kwetu vizuri hivi. Masika huwa Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na Nairobi nao wana misimu yao miwili inayofanana na hiyo. Kati ya masika na vuli kuna miezi minne ambayo majani hayakui na hakuna anayeikumbuka mashine. Miezi minne ni mara nne ya umri ambao petroli iliruhusiwa kuishi. Wazungu wenye majira ya baridi wana desturi ya kuilaza mashine yao rasmi kila mwaka, na viwanda vyao huwauzia dawa ya kutia kwenye tangi ili petroli isigande. Sisi hatuna theluji ya kutukumbusha. Kiangazi kinaingia kimyakimya, majani yanakauka, mashine inasukumwa nyuma ya mifuko ya saruji, mafuta yamo.

Kuna tabia nyingine inayoongezea tatizo. Tanzania bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kenya, EPRA hutangaza tarehe 14. Ukisikika uvumi kwamba bei itapanda, watu hujaza madumu. Kwa mwenye bodaboda ni akili, maana atayamaliza kesho kutwa. Kwa mwenye mashine ya majani inayokunywa lita moja kwa wiki, dumu la lita 20 ni mafuta ya karibu miezi mitano, na zaidi ya nusu yake yatakuwa yamezeeka kabla hayajafika kwenye tangi. Ninachoshauri ni dumu la lita tano, basi.

Kabla ya petroli, majani yalikatwa kwa nguvu nyingine, na baadhi ya nguvu hizo zinastahili kutajwa kwa sababu bado zipo. Mashine ya kwanza ilipewa hataza Uingereza mwaka 1830. Aliyeibuni, Edwin Budding, alikuwa fundi wa mji wa Stroud, eneo la viwanda vya nguo, na wazo alilipata kwenye mtambo wa kiwandani uliokuwa ukinyoa manyoya yaliyochomoza juu ya kitambaa cha sufu kwa visu vilivyopangwa kuzunguka pipa. Akaupindua ule mtambo, akauwekea magurudumu, akaupeleka kwenye nyasi. Ulikuwa wa chuma cha kusubu, mzito kiasi kwamba mara nyingi alihitajika mtu wa pili wa kuuvuta kwa mbele. Waliokuwa na viwanja vikubwa wakafunga punda na farasi, na ili kwato zisitoboe nyasi wanyama hao walivishwa viatu vya ngozi.

Kisha ikaja stimu. Mwaka 1893 James Sumner, mhunzi wa mji wa Leyland kule Lancashire, alipata hataza ya mashine ya nyasi ya mvuke. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja na ilibidi uanze kuchemsha maji muda mrefu kabla ya kukata jani la kwanza, kwa hiyo haikuvuma. Lakini kampuni aliyoshiriki kuianzisha miaka mitatu baadaye ndiyo iliyokuja kuitwa Leyland Motors, ileile ya mabasi na malori ambayo wazee wetu waliyapanda, na ambayo ilikuja kuwa na kiwanda cha kuunganisha magari pale Thika. Kwa hiyo lori la Leyland lililopasua vumbi la barabara zetu miaka ya sabini lina babu aliyekata majani. Petroli ilishinda stimu kwa sababu moja tu ya maana: inawaka papo hapo. Kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilianza kuuza mashine ya nyasi ya petroli mwaka 1902, na tangu hapo mvuke haukuwa na la kusema.

Mashine tunayoijua leo, yenye kisu kimoja bapa kinachozunguka chini ya bakuli la bati, ilipata umaarufu mkubwa Australia. Mwaka 1952, kwenye gereji ya nyumba yake mjini Sydney, Mervyn Victor Richardson aliunganisha mashine nyepesi kwa vyuma chakavu, na kwa kuwa hakuwa na tangi la mafuta alifunga kopo tupu la matunda ya pichi. Mashine hizo ziliuzwa kwa jina la Victa, na zilipendwa kiasi kwamba kwenye sherehe za kufungua Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 kundi la wachezaji walitumbuiza uwanjani wakizisukuma. Kopo lile lina somo la ufundi. Richardson alilifunga juu ya injini, ili mafuta yashuke yenyewe bila pampu. Mashine nyingi za kusukuma hadi leo hufanya hivyohivyo: tangi juu, kabureta chini, na chini yake kibakuli chenye boya linaloelea na kufunga mlango mafuta yakitosha.

Ndiyo maana mashine ya kusukuma hailazwi ovyo. Ukiilaza ubavu ili usafishe kisu, boya linapoteza mahali pake, mafuta yanafurika, oili inapanda kwenye silinda na chujio la hewa linalowa. Ukilazimika kuiinamisha, upande wenye chujio ndio uelekee juu, na waya wa plagi uwe umeshachomolewa. Hilo la plagi si la hiari. Kisu na injini ni shafti moja. Ukikizungusha kwa mkono umeivuta kamba, na kama mle ndani kulibaki tone la mafuta na cheche, vidole havirudi.

Lakini nikisema mashine ya majani, Watanzania wengi hawaoni ile ya kusukuma. Wanaona ile ya kubeba begani, fimbo ndefu yenye injini nyuma ya mkataji na kisu au uzi wa plastiki mbele ya miguu yake. Hiyo ndiyo iliyolipindua fyekeo. Inakata kando ya barabara, kwenye makaburi, chini ya mikorosho, mahali penye mawe na visiki ambapo magurudumu hayapiti. Kijana mwenye nayo ana biashara: anapita mtaani, anapatana bei na mwenye ua, anamaliza, anaenda ua wa pili. Inafanya kazi hata ikiinamishwa namna gani, kwa sababu kabureta yake haina kibakuli wala boya. Ina utando mwembamba wa mpira unaopumua na kuyavuta mafuta kutoka tangini. Utando huo nao una adui yuleyule: ukikaa miezi ndani ya petroli iliyozeeka hukakamaa, na mashine haiwaki tena, au inawaka na kuzima kila ukiongeza moto.

Na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa sababu mashine nyingi za begani ni za mipigo miwili. Ya kusukuma kwa kawaida ni ya mipigo minne kama gari: petroli ina tangi lake, oili ina chumba chake, na havikutani. Ya mipigo miwili haina chumba cha oili. Mafuta yanapita kwanza chini ya pistoni, yakilainisha kila kitu njiani, ndipo yapande kuchomwa. Kwa hiyo oili lazima iwe ndani ya petroli yenyewe. Ukiitia petroli tupu, haitalalamika. Itawaka vizuri sana, pengine vizuri kuliko jana, moshi hamna, na kijana atasifu kituo cha mafuta. Dakika chache baadaye sauti inakuwa kali, kisha inakatika ghafla na kamba haivutiki. Pistoni imeshikana na silinda. Fundi anasema "imenoki", na kwa mashine ya bei nafuu kuitengeneza kunakaribia kununua nyingine.

Vipimo vimeandikwa kwenye mfuniko wa tangi au kwenye kitabu chake. Vinavyokutwa sana ni viwili: sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 20 kwa lita, na sehemu 25 kwa moja, yaani mililita 40 kwa lita. Mtaani watu wanapima kwa vifuniko vya chupa za maji, na kila kiwanda cha maji kina kifuniko chake, kwa hiyo kipimo kinabadilika kadiri kiu inavyobadilika. Nenda duka la dawa, nunua bomba la sindano la mililita 20 bila sindano. Ni bei ya andazi. Bomba moja kwa lita kwenye mashine ya 50 kwa 1, mabomba mawili kwenye ya 25 kwa 1. Tia oili kwanza kwenye dumu lenye petroli kidogo, tikisa, kisha ongeza iliyobaki na utikise tena. Oili iwe ile ya injini za mipigo miwili. Ya gari haikutengenezwa kuchomwa, na inaacha masizi yanayoziba ekzosi. Hilo dumu lifunge kitambaa chekundu shingoni au lichore alama yoyote, kwa sababu siku moja atakuja mtu mwingine kulichukua na macho hayawezi kutofautisha petroli iliyochanganywa na isiyochanganywa.

Akikosea upande wa pili, akatia ya kuchanganya kwenye mashine ya mipigo minne, si msiba. Itafuka moshi, plagi itachafuka, mambo yataisha hapo. Msiba wa mipigo minne ni mwingine: mashine mpya huuzwa bila oili ndani. Imeandikwa kwenye karatasi yenye lugha saba, ambayo hutupwa pamoja na boksi. Mtu anatia petroli, anavuta kamba, mashine inawaka, furaha tele, na kabla ua haujaisha injini mpya imekwenda. Inahitaji kama nusu lita ya oili, na kwa joto la pwani ile iliyoandikwa SAE 30 inaifaa. Ipime kwa kijiti kila kabla ya kuwasha. Kuibadilisha, ya kwanza mapema, baada ya saa tano hivi za kazi, maana injini mpya hutoa unga wa chuma. Zinazofuata kila baada ya saa 25 hadi 50, kutegemea kitabu kinasemaje na vumbi lako ni la wapi. Chujio la hewa mie ningelitazama mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Kukata majani makavu ya Agosti Dodoma ni kuinywesha injini vumbi.

Ubora wa petroli yenyewe una historia yake kwetu. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko petroli na dizeli, ili mwananchi apate kuwasha koroboi, na wajanja wakayachanganya. Tanzania EWURA ilianza mwaka 2010 kutia vinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini wachakachuaji, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchakachua ife. Kenya ilichukua njia hiyohiyo mwaka 2018 kwa kutoza shilingi 18 zaidi kwa kila lita ya mafuta ya taa. Mambo yametulia sana tangu siku zile, lakini petroli inayouzwa kwenye chupa kando ya barabara vijijini haina wa kuisemea. Injini ndogo haina kompyuta ya kujirekebisha kama gari. Ikipewa petroli yenye mafuta ya taa inachemka, inagonga, inafuka. Kuna kipimo cha mafundi kisicho na gharama: dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe safi, uiache kivulini. Petroli safi hukauka upesi na karatasi ikabaki kama ilivyokuwa. Likibaki doa la mafuta, ndani mna mafuta ya taa au dizeli. Usikitumie kwa petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili, itakudanganya.

Maji ni rahisi zaidi. Chota kutoka chini ya dumu, mimina kwenye gilasi, subiri. Maji hayaelei juu ya petroli, yanatuama chini kama vito. Kwa nchi zinazochanganya petroli na ethanoli hali ni mbaya kuliko hivyo: Brazili hutia zaidi ya robo, Uingereza ilihamia asilimia 10 mwaka 2021, na ethanoli huvuta unyevu kutoka hewani na kulainisha mipira ya zamani. Ndugu zetu walioko huko wenye mashine kuukuu kwenye gereji wanalijua hilo.

La moto sitalirefusha, ila siwezi kulipita. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, likalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Kinacholipuka ni mvuke, si petroli ya majimaji, na petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hautapaa, utatambaa sakafuni, utapita chini ya mlango wa stoo, utalifuata jiko. Kwa hiyo kuongeza mafuta ni nje, mashine ikiwa imepoa kwa dakika kumi na tano, dumu likiwa chini ardhini. Dumu hilo halikai jikoni, wala chini ya kitanda cha mlinzi, mahali ambapo nimeliona kwa macho yangu kwenye zaidi ya ua mmoja.

Watu wananiuliza kama haya yote hayaishi kwa kununua ya umeme. Mengi yanaisha. Ya waya ni nyepesi, haina kabureta, haina oili, na inafaa ua mdogo mradi waya uwe nyuma ya mkataji kila wakati na tundu la ukutani liwe na kifaa cha kukata umeme ukivuja. Ya betri imeondoa waya. Hesabu yake ni nyepesi: betri ya volti 40 na ampea-saa 5 inabeba wati-saa 200, yaani sehemu ya tano ya uniti moja ya umeme wa LUKU. Hata ukitoa kinachopotea kwenye chaja, uniti moja inakujazia mara nne. Lita moja ya petroli ina nguvu ya karibu uniti 9, na injini ndogo hufikisha kwenye kisu sehemu ndogo tu ya hizo, iliyobaki inakuwa joto na kelele. Kwa hiyo betri ina akili kwenye matumizi, lakini tangi lina uwezo: ukiishiwa mafuta katikati ya uwanja wa mpira unajaza kwa dakika moja, ukiishiwa chaji unakaa chini ya mti. Jimbo la California liliamua mwaka 2024 uwe mwanzo wa kuzizuia injini ndogo mpya za petroli za kazi hizi. Kwetu bei ya betri ya pili bado inatosha kumrudisha mtu kwenye petroli.

Na betri nayo haipendi kusahauliwa. Ya lithiamu ikiachwa tupu miezi minne inaweza isipokee chaji tena. Ikiachwa imejaa pomoni kwenye stoo ya joto inapungua uwezo wake kimyakimya. Inataka kulala na nusu ya chaji, ndani ya nyumba, mahali pa baridi.

Kwa ua wa hatua ishirini kwa ishirini, mimi ningenunua ile ya Budding. Mashine ya kusukuma kwa mkono isiyo na injini bado inatengenezwa, nyepesi sasa, na inakata kama mkasi wakati kisu cha kuzunguka kinapiga jani na kulichana. Vile viwanja vidogo vya kijani vyenye shimo kwenye gofu hukatwa kwa visu vya pipa vya namna hiyohiyo mpaka leo, japo vina injini. Kasoro yake ni kwamba haiwezi jani refu. Ukichelewa wiki mbili wakati wa masika, umerudi kwenye fyekeo.

Mwenye petroli, siku anayoona majani yameacha kukua, ana kazi ya dakika kumi. Kama ni ya kusukuma, amimine mafuta ya tangini kwenye dumu, afunge koki, awashe injini na kuiacha ingurume mpaka izime yenyewe. Ikizima, kibakuli kimekauka. Ile ya begani aitoe mafuta, abonyeze kile kijipampu cha mpira mpaka kisionyeshe kitu, aiwashe iishie. Oili ya mipigo minne aibadilishe siku hiyo na si siku ya kuanza msimu, kwa sababu oili chafu ina asidi. Akwangue majani yaliyoganda chini ya bakuli la kisu. Yakikauka pale hushika unyevu na kula bati kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu mafuta aliyoyatoa: yasimwagwe kwenye mtaro. Mitaro yetu huishia mtoni au baharini, na njiani kuna anayevuta sigara. Kama ni petroli tupu ya wiki chache, nusu lita yake ikiingia kwenye tangi la gari lililokaribia kujaa haitajulikana ilikoingia. Iliyochanganywa na oili isitiwe kwenye gari. Ile yenye rangi ya chai mpelekee fundi kwenye dumu lililofungwa vizuri. Ataoshea cheni na vyuma vyenye grisi, nje, mbali na jiko la mama ntilie wa jirani.